Kengele inalia, plagi inachemka, vichwa vinauma: utatuzi wa hatari za moto nyumbani msimu wa baridi Marekani

Mwongozo huu ni wa sisi tunaoishi Marekani na Kanada, wengi wetu kwenye apatimenti za kupanga. Ikifika Desemba tunawasha kila kitu kwa mpigo: hita vyumbani, karai jikoni, taa za mti wa Krismasi sebuleni, na wageni wamejaa mpaka koridoni. Nafanya kazi ya matengenezo ya majengo, na dalili zilizo hapa chini ndizo ninazoulizwa kila msimu. Kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi na ukaguzi usiokugharimu hata senti. Nimetaja pia mahali pa kuweka bisibisi chini na kumwita mwenye kazi yake.

Kama moto au moshi umeshauona, acha kusoma. Toka, vuta mlango ufungike nyuma yako, piga 911 ukiwa nje.

"Kengele ya moshi inalia bip, inanyamaza, inalia tena"

Mlio mmoja mfupi kila baada ya sekunde 30 hadi 60 si moto, ni kifaa chenyewe kinadai huduma. Mara nyingi huanza saa tisa au saa kumi usiku, na si bahati mbaya. Nyumba ikipoa, nguvu ya betri hushuka kidogo, na betri iliyokuwa imebakiza kidogo inakwama hapo. Mchana nyumba inapata joto, mlio unakoma, mtu anadhani imepona. Usiku unaofuata inaanza tena.

1. Betri imechoka. Weka mpya ya aina iliyoandikwa nyuma ya kifaa, kisha bonyeza kitufe cha kujaribu mpaka ipige kelele. Kengele iliyounganishwa na umeme wa nyumba nayo kwa kawaida ina betri ya akiba ndani, na hiyo ndiyo watu husahau.
2. Kifaa kimezeeka. Kigeuze usome tarehe ya kutengenezwa. Kengele ya moshi inaishi miaka 10 tangu ilipotengenezwa, si tangu ulipohamia. Zile za gesi ya kaboni monoksidi nyingi huisha kati ya miaka 5 na 10. Ikipita hapo betri mpya haisaidii, badilisha kifaa kizima.
3. Vumbi au mdudu ndani. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini.

Ikigoma hapo, mwandikie mwenye nyumba ujumbe. Usiishie kupiga simu tu, maana ujumbe unabaki na tarehe yake. Kwa asiye na uwezo wa kununua, Msalaba Mwekundu wa Marekani na vikosi vingi vya zimamoto hufunga kengele bure.

Kitu nisichokubali kabisa ni kuinyamazisha kwa nguvu. Nimekuta kengele zimefunikwa kofia ya kuogea, nyingine zimewekwa kwenye droo pamoja na vijiko. Ukiitoa betri saa tisa usiku, nyumba nzima inalala bila mlinzi mpaka siku utakapokumbuka, na kwa kawaida hukumbuki.

Jifunze pia kuhesabu milio. Mitatu, kimya, mitatu tena: huo ni moshi. Minne, kimya, minne tena: hiyo ni kaboni monoksidi. Ukisikia chochote kati ya hivyo viwili usianze kutafuta betri. Watoe watu nje.

"Kila nikikaanga, kengele inapiga"

Sababu ya kwanza ni umbali. Kengele iwe angalau mita 3 kutoka kwenye jiko, na kwenye apatimenti ndogo mara nyingi haiko hivyo. Ya pili ni feni ya juu ya jiko: nyingi hazitoi moshi nje, zinauchuja tu na kuurudisha jikoni, na chujio likijaa mafuta hata hiyo kazi haifanyiki. Livue, liloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo. Washa feni na fungua dirisha kidogo kabla hujaweka mafuta, hata kama nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri.

Ikiendelea, mwombe fundi wa jengo abadilishe aina ya kengele. Zipo zinazotumia ayoni na zipo zinazotumia mwanga, na za mwanga haziudhiki haraka na moshi wa kupikia. Nyingi zina kitufe cha kunyamaza kwa dakika chache halafu zinarudi kazini zenyewe. Kitumie hicho.

"Nikiwasha hita, umeme wa chumba unakata" au "plagi ya hita ni ya moto"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea kwa mazoea tuliyokuja nayo. Kwetu Afrika Mashariki umeme ni volti 230 au 240. Hapa soketi ya kawaida ni volti 120. Hita ndogo ya umeme ya dukani ni wati 1500, na kwa volti 120 inavuta ampea 12.5. Hita ya nguvu hiyo hiyo ukiwa Arusha ingevuta kama 6.5. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya waya halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Kwa hiyo ekstensheni iliyokubebea pasi, redio na feni nyumbani bila shida, hapa inaweza kuyeyuka chini ya zulia huku wewe ukiota.

Saketi ya chumba, yaani njia moja ya waya inayolisha soketi zake, mara nyingi ni ya ampea 15. Hita moja peke yake imeshakaribia kuimaliza.

Sababu zenyewe:

1. Vitu vingi kwenye saketi moja. Zima breka moja (swichi inayojikata mzigo ukizidi) kwenye boksi la umeme, kisha pita uone vimezimika vitu gani. Usishangae ukikuta sebule na chumba cha watoto vinashare waya mmoja. Hita iwe peke yake kwenye saketi yake: hita mbili saketi moja haiwezekani, na hita na maikrowevu pia haiwezekani. Breka inapojikata inafanya kazi yake. Anayekushauri uweke breka kubwa zaidi ili isijikate anakushauri uupe waya ruhusa ya kuungua.
2. Ekstensheni au ubao wa soketi nyingi. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, basi. Hata ubao wenye swichi nyekundu na taa haukutengenezwa kwa mzigo huo saa nane mfululizo.
3. Soketi imelegea. Chomeka plagi: ikining'inia au ikitoka yenyewe, vyuma vya ndani vimechoka kushika. Mguso hafifu unazalisha joto hapo hapo, ndiyo maana plagi inachemka ingawa hita ni mpya. Soketi hiyo usiitumie tena mpaka ibadilishwe.
4. Nyaya za aluminiamu. Nyumba nyingi zilizojengwa kati ya 1965 na 1973 zina nyaya hizo badala ya shaba, na viungio vyake hulegea na kupata moto. Hilo si la kujaribu mwenyewe hata ukiwa hodari.

Baada ya umeme, angalia ilipokaa. Mita 1 kamili kutoka pazia, kitanda, kochi na nguo. Iwe sakafuni mahali tambarare, si juu ya kiti. Iinamishe kidogo ikiwa inawaka: nyingi za kisasa hujizima zikianguka, na isipojizima, hiyo si ya nyumba yenye watoto. Kuianikia soksi na khanga mbichi juu yake ni tabia ya kuacha leo. Na ukienda kulala, izime.

Watu hunijibu: tukizima tutaganda. Kweli. Lakini jiulize kwa nini unahitaji hita kwenye jengo ambalo lina joto la kati. Mara nyingi jibu ni kwamba joto la jengo ni bovu na mwenye nyumba ameamua kunyamaza, na hapo ndipo tatizo lilipo. Jiji la New York, kwa mfano, lina sheria: kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, nje kukiwa chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti mchana, ndani ya nyumba pasipungue 68, sawa na Selsiasi 20. Usiku pasipungue 62. Isipokuwa hivyo unapiga 311 na kulalamika, na una haki hiyo hata kama umechelewa kodi. Miji mingine mingi ina kanuni zake. Pima kwa kipimajoto, piga picha yenye saa, tuma.

Acha kila kitu na umwite fundi umeme mwenye leseni ukiona soketi imebadilika rangi kuwa kahawia, ukisikia mlio kama wa kitu kinachokaangwa au wa nyuki ukutani, ukinusa harufu ya plastiki iliyoungua au ya samaki ambayo haina samaki, au breka ikijikata wakati hujachomeka kitu. Zima breka hiyo wakati unamsubiri. Ukigusa ukuta ukaukuta wa moto, usimsubiri fundi. Toka, piga 911.

"Wote tunaumwa kichwa na hatuna homa"

Kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usioeleweka, na anapata kila aliyeko ndani, hata paka. Ukitoka nje unapata nafuu, ukirudi inaanza upya. Watu huita mafua. Mafua hayapoi kwa kuvuka kizingiti. Hiyo ni kaboni monoksidi mpaka ithibitike vinginevyo: gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye chochote kinachoungua.

Hapa mpangilio unageuka. Huanzi na ukaguzi, unaanza na kutoka nje, wote, kisha 911. Zimamoto wanakuja na kipimo. Chanzo kinatafutwa baadaye, na kwa kawaida ni kimojawapo cha hivi:

Mtambo wa joto wa gesi ambao bomba lake la moshi limezibwa, mara nyingi na theluji iliyojikusanya ukutani nje. Baada ya kila dhoruba toka uliangalie, uliondolee theluji kwa mkono. Ndani, mwali wa gesi unaotakiwa kuwa wa bluu ukiwa wa manjano, mwite fundi wa gesi.

Oveni ya gesi iliyofunguliwa mlango ili ipashe nyumba joto. Oveni si hita.

Gari linalopashwa moto ndani ya gereji iliyoshikana na nyumba, hata mlango wa gereji ukiwa wazi.

Jenereta iliyowekwa kibarazani. Mahali pake ni mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekea kwingine. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwenye baridi kali, mamia ya watu walifikishwa hospitali kwa gesi hii, kwa sababu ya jenereta, magari na majiko ya mkaa yaliyoingizwa ndani.

Na jiko la mkaa lenyewe. Habari za familia zilizolala na jiko chumbani zisiamke tumezisikia tangu utotoni. Hapa hatari imezidi, kwa sababu nyumba za baridi zimezibwa kila upenyo. Dirisha kufunguliwa kidogo hakutoshi. Mkaa haupikiwi ndani, wala kwenye gereji, wala kwenye hema.

Watu wa pwani wataniuliza kuhusu chetezo. Kipande kimoja cha makaa ya udi kwa dakika chache, dirisha likiwa wazi, si sawa na jiko zima, ila hatari yake kubwa ni nyingine: cheche. Kwetu ikianguka inaanguka kwenye saruji. Hapa inaanguka kwenye kapeti ya nailoni iliyogundishwa ukuta hadi ukuta. Weka chetezo juu ya sinia pana la chuma, usitembee nalo chumba hadi chumba, na makaa yakionekana kuwa majivu matupu yamwagie maji kabla hayajaenda kwenye taka. Majivu ya nje hudanganya.

Ukinusa harufu ya yai bovu, hiyo si kaboni monoksidi, ni gesi ya kupikia inayovuja, na harufu hiyo imetiwa makusudi. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usipige simu ukiwa ndani. Toka kwanza.

"Mafuta yameanza kutoa moshi"

Kupika ndiko kunakoanzisha moto mwingi zaidi wa majumbani Marekani, na siku inayoongoza kwa moto wa jikoni ni Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Sisi tunaongezea maandazi na sambusa za watu arobaini.

Moshi bila miali: zima jiko, usilisogeze karai. Karai la kitako cha mviringo halikai vizuri kwenye jiko la umeme la hapa, linayumba, na ukilinyanyua likiwa limejaa ndipo mafuta yanapomwagikia kwenye koili nyekundu. Kama ndilo unalopenda, nunua pete ya kulikalisha au tumia sufuria yenye kitako bapa, na usijaze mafuta kupita theluthi.

Miali imeshika: zima jiko kama unafika bila kupitisha mkono juu ya moto, kisha funika. Tatizo ni kwamba karai halina mfuniko. Kwa hiyo kabla hujaanza kukaanga tafuta sinia la bati lililo pana kuliko mdomo wa karai, uliweke mkono wa kulia. Litelezeshe kutoka ubavuni, usilitupe kutoka juu, na usifunue mpaka karai lipoe kabisa. Maji usithubutu: yanageuka mvuke chini ya mafuta na kuurusha moto mpaka darini. Unga pia hapana, unawaka.

Usipofanikiwa kwa jaribio la kwanza, toka. Hakuna jaribio la pili.

"Taa za mti zimezimika nusu" na "mti unapukutisha"

Taa za zamani za balbu zisiunganishwe zaidi ya nyuzi tatu. Za LED fuata namba iliyo kwenye boksi. Nusu ikizimika, mara nyingi ni balbu iliyolegea au fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi yenyewe. Waya ukiwa umechubuka usiufunge kwa gundi ya karatasi, tupa seti nzima. Zima kila unapolala au kutoka.

Mti halisi unakunywa maji mengi kuliko unavyofikiri. Ulipoununua ulitakiwa kukatwa kama sentimita 2.5 chini ili uweze kunyonya, na chombo chake kijazwe kila siku. Shika tawi uvute: majani yakibaki mkononi mwako, umeshakauka, na mti mkavu ukishika moto sebule yote huwaka chini ya dakika moja. Usisubiri Mwaka Mpya. Utoe leo. Mishumaa ikae sentimita 30 kutoka kwa chochote kinachoungua, na ile ya betri kwa kweli inatosha.

"Nguo hazikauki kwa mzunguko mmoja"

Chujio la mashine ya kukaushia limejaa nyuzi za nguo, au kifuniko cha bomba lake nje kimeganda au kimezibwa na theluji. Safisha chujio kila mzigo. Ikiendelea, bomba la nyuma ndilo limejaa, na mashine ikinuka kuungua usiiwashe tena.

"Bomba la maji limeganda"

Kikausha nywele au taulo za maji moto, ukianzia upande wa mfereji ulioachwa wazi. Kamwe usitumie tochi ya gesi ya kuchomelea au mwali wowote: mbao zilizo nyuma ya ukuta hushika moto usioonekana mpaka umeshapanda.

"Mlango wa kuingilia haujifungi"

Hili watu hawalihesabu kama suala la moto. Tarehe 9 Januari 2022, Bronx, New York, hita ya umeme ilianzisha moto kwenye apatimenti moja ya jengo la ghorofa 19. Miali haikufika mbali. Lakini mlango wa apatimenti ile ulibaki wazi, na moshi ukapanda ngazi zote. Walikufa watu 17, wakiwemo watoto 8, wengi wa familia zilizotoka Gambia.

Ufungue mlango wako mpaka mwisho, uachie. Kisha ufungue kiasi cha kiganja, uachie. Mara zote mbili ujifunge mpaka ulimi uingie kwenye fremu. Mlango usipojifunga, sababu ya kwanza ni zulia au viatu. Wageni wanavua nje ya mlango kama heshima inavyotaka, na siku ya sikukuu kunakuwa na jozi ishirini koridoni, gizani na kwenye moshi hizo ni mtego. Weka boksi la viatu ndani. Sababu ya pili ni bawaba au springi iliyochoka, ambayo fundi wa jengo huikaza kwa dakika kumi. Mlango wa ngazi ukikuta umewekewa jiwe usijifunge, liondoe, na mjulishe jirani kwa upole kwa nini.

Nje, bomba la zimamoto lililoko pembeni mwa barabara likifukiwa na theluji lisafishwe mita 1 kuzunguka, na njia mpaka barabarani. Gawaneni majirani. Majivu ya mahali pa kuotea moto hukaa na makaa hai kwa siku kadhaa: yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mita 3 kutoka kwenye nyumba, si kwenye mfuko wa karatasi kibarazani.

Ukipiga 911

Taja anwani kwanza, na namba ya apatimenti, hata kabla hujaeleza kilichotokea. Kisha neno moja, "fire". Kama Kiingereza kinakugomea, sema "Swahili": vituo vingi vina wakalimani wa simu. Usikate mpaka waseme. Usitumie lifti. Kama koridoni pamejaa moshi, rudi ndani, funga mlango, ziba chini kwa taulo mbichi, kaa dirishani, na uwaambie uko chumba gani.

Na karatasi. Najua watu waliotaka kurudi ndani kwa ajili ya bahasha ya uhamiaji, na naelewa miaka waliyoingoja. Piga picha pasipoti, grinikadi na I-94 (rekodi ya kuingia nchini) jioni hii, mtumie ndugu aliye mji mwingine. Grinikadi iliyoungua inaombwa upya kwa fomu I-90.